Si Kila Homa ni Malaria

(Mazungumzo ya mtaalamu wa maabara na wanafunzi wa sekondari, Kirua Vunjo, Moshi Vijijini. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.)

   

Nianze kwa kuwaomba mnyooshe mikono. Nani kati yenu amewahi kuumwa malaria? Naam, karibu darasa zima. Shusheni. Sasa, kati ya ninyi mlionyoosha, nani alitobolewa kidole, damu ikapimwa, akaambiwa kwamba vimelea vya malaria vimeonekana? Mnaona mikono ilivyopungua! Wengine mnatazamana na kucheka. Najua ilivyokuwa. Usiku ulisikia baridi, kichwa kikauma, mama akakushika shingoni akasema, "Mwanangu, hii malaria." Asubuhi ukatumwa dukani kununua dawa, ukameza, siku ya tatu ukapona. Kwa hiyo ilikuwa malaria, si ndiyo?

Pengine siyo. Na hilo ndilo lililonileta leo.

Mimi ni mzaliwa wa hukuhuku Kirua. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuinama juu ya darubini na kutafuta wadudu wa malaria kwenye matone ya damu. Nilipoanza kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, kuna jambo lilikuwa likinishangaza. Naletewa damu ya mgonjwa, naitazama kwa makini, sioni kimelea hata kimoja, naandika kwenye karatasi: hakuna vimelea. Kesho yake napita wodini, namkuta mgonjwa yuleyule ametundikiwa kwinini! Nikafikiri labda mimi ndiye sijui kazi. Nikarudi kuitazama slaidi ileile mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna kitu. Nikamwuliza mzee mmoja wa maabara, akanijibu, "Kijana, sisi tunapima, lakini malaria wanaijua wao." Nikanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali siku zile.

Kabla sijaendelea, tujiulize swali moja ambalo huenda hamjawahi kuulizwa darasani. Kwa nini bibi zetu na babu zetu walijenga juu huku mgombani, na chini kule Kahe wakashuka kulima tu na kurudi jioni? Zipo sababu nyingi: mvua, mifongo ya maji, udongo, usalama. Lakini wazee walijua pia kwamba ukilala chini unarudi na homa. Hawakuwa na darubini, lakini walikuwa wameona.

Sayansi yake ni hii. Mbu jike aina ya anofelesi akimuuma mtu mwenye malaria, hawezi kumwambukiza mwingine siku ileile. Vimelea vinapaswa kwanza kukua na kuzaana ndani ya mwili wa mbu, kisha viingie kwenye tezi za mate yake. Kazi hiyo inataka joto. Mbu hana jiko mwilini kama sisi. Hewa ikiwa baridi, na yeye ni baridi. Wataalamu wanayo kanuni ya zamani ambayo hata ninyi wa kidato cha kwanza mnaiweza. Chukua joto la wastani la mahali, toa 16, kisha gawanya 111 kwa hicho ulichopata. Jibu ni idadi ya siku ambazo kimelea cha malaria kali kinahitaji kukomaa ndani ya mbu.

Haya, tufanye. Mahali penye sentigredi 25: ishirini na tano toa kumi na sita ni tisa. Mia moja na kumi na moja gawanya kwa tisa, ni siku 12 na kidogo. Mahali penye sentigredi 20, ni karibu siku 28. Mahali penye 18? Nani amepata? Vizuri sana, dada pale nyuma: zaidi ya siku 55. Na penye 16 utagawanya kwa sifuri, mwalimu wa hesabu atakuja juu. Maana yake ni kwamba kimelea hakikomai kabisa.

Sasa mbu mwenyewe anaishi siku ngapi? Wengi hawafiki hata wiki tatu. Kwa hiyo ni kama mashindano ya mbio: kimelea kikomae kwanza, au mbu afe kwanza. Chini Kahe na Mabogini kimelea kinashinda mara nyingi. Huku juu, hasa miezi ile ya baridi mnapokuja shule na masweta mawili, mbu hufa kwanza. Ndiyo maana unaweza ukasikia mbu wakiimba hapa Kirua usiku kucha, na bado malaria ikawa kidogo.

Basi kama ni hivyo, zile homa zote tunazoziita malaria huku mlimani ni nini?

Swali hili walijiuliza watafiti, na hawakwenda mbali. Walifanya kazi hapahapa kwetu. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kwa mwaka mzima waliwafuatilia wagonjwa mahututi 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria. Damu ya kila mmoja ilitazamwa upya, kwa uangalifu mkubwa. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062. Waliobaki, 2,412, hawakuwa navyo. Zaidi ya nusu!

Lakini sikilizeni linalofuata, maana ndilo zito. Katika wale waliokuwa na malaria kweli, walikufa 142, ambao ni asilimia 6.9. Katika wale ambao hawakuwa na malaria lakini walitibiwa kama wanayo, walikufa 292, asilimia 12.1. Sisemi kwamba wote hao wangepona kama wangepimwa vizuri. Wengine walikuja wamechelewa, wengine magonjwa yao ni magumu popote duniani. Lakini fikiria wewe ndiye mgonjwa: ugonjwa wako uko mlangoni, na dawa imepelekwa dirishani.

Hapo watafiti walijua tu kwamba siyo malaria. Bado hawakujua ni nini. Kazi hiyo ikafanywa Moshi mjini, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008. Waliandikishwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto wadogo 467, na vijana na watu wazima 403. Madaktari wakaandika kila mmoja wanadhani anaumwa nini, kisha damu ikapimwa kwa kila kipimo kilichowezekana. Sampuli nyingine zilisafirishwa hadi Marekani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Walioandikiwa malaria walipolazwa walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli... nani atakisia? Mia tatu? Mia? Hapana. Walikuwa 14. Kumi na wanne tu!

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea kupiga chapa. Nikakumbuka zile slaidi zangu.

Sasa tuone walikuwa na nini. Wengine walikuwa na bakteria ndani ya damu, wagonjwa 85, ugonjwa unaoua haraka usipopata dawa yake. Wengine 55 walikuwa na chikungunya. Hili jina wazungu wanalitamka kwa shida, lakini ni letu: ni neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda au kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyouma. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huko Newala, nyanda za Wamakonde, mwaka 1952 na 1953, na leo dunia nzima inauita kwa jina hilo. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii.

Halafu kuna kundi ambalo kwetu sisi wafugaji wa vihambani linatuhusu sana: magonjwa yatokayo kwa wanyama. Kati ya wagonjwa takriban 450 walioweza kupimwa magonjwa hayo yote, 118 walikuwa nayo. Ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanne. Arobaini walikuwa na leptospirosisi, 36 na homa ya madoa inayoletwa na kupe, 24 na homa inayoitwa Q, 16 na brusela, na wawili na homa ya jamii ya taifasi, ambayo msiichanganye na taifodi. Na katika karatasi za kulazwa za wagonjwa hao, hakuna hata mmoja aliyeandikiwa kwamba huenda anaumwa ugonjwa wa mnyama, wala chikungunya. Hata mmoja.

Leptospirosisi mmeisikia kwa jina jingine. Mwaka 2022, mwezi wa Julai, redio zilitangaza ugonjwa wa ajabu Ruangwa, mkoani Lindi: watu wana homa, kichwa, wengine wanatoka damu puani, watatu wamekufa kati ya wagonjwa 20. Watu wakaogopa sana, wakadhani ni Ebola. Baadaye Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni Homa ya Mgunda. Ndiyo hiyohiyo leptospirosisi. Ruangwa ilikuwa habari ya taifa zima, na sisi hapa Moshi tulikuwa nayo wodini miaka 14 kabla, ikiitwa malaria.

Bakteria wake hukaa kwenye figo za mnyama na kutoka na mkojo. Unaingia kwako kupitia mchubuko, au macho, au ngozi iliyolowa maji muda mrefu. Ukisoma vitabu, mshitakiwa wa kwanza ni panya. Basi watafiti wakaenda kumkamata panya. Walipima panya na wenzake 384 huku kaskazini, na ng'ombe, mbuzi na kondoo waliochinjwa kwenye machinjio. Matokeo ya mwaka 2018: kwa panya hawakumpata bakteria hata mara moja. Kwa ng'ombe walimpata kwa karibu saba katika kila mia. Sisemi mpende panya sasa. Panya ana mengine yake. Lakini tulikuwa tunamtazama panya, na ng'ombe yuko nyuma ya nyumba tunamkatia majani.

Wakawauliza pia wagonjwa wenyewe kazi zao. Waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mpunga, wanaosafisha samadi, na wanaolisha ng'ombe. Sasa niambieni, Jumamosi asubuhi hapa Kirua, nani anayezoa samadi? Si baba. Ni wewe kijana uliyekaa hapo, pekupeku, na kidonda cha kujikwaa kidoleni. Na likizo ukishuka kwa shangazi Mabogini au Chekereni, unapelekwa kwenye majaruba.

Tusiharibu ng'ombe wala mpunga. Ng'ombe ndiye amelipa karo za wengi wenu. Lakini viatu vya mpira vinanunuliwa, na kama havijapatikana, kidonda kifungwe na miguu ioshwe kwa sabuni ukimaliza, si jioni. Na mbuzi au ng'ombe akizaa, au akitupa mimba, usimvute ndama kwa mikono mitupu. Maji na kondo la nyuma ndiko homa ya Q na brusela zinakojaa. Vaa glovu, au hata mifuko ya nailoni mikononi, kondo lifukiwe, na wasichana wadogo na mama wajawazito wasitumwe kazi hiyo.

Kuhusu brusela nina habari ya nyumbani. Mama yangu mdogo alianza kupata homa jioni. Asubuhi mzima, analima; jioni anatetemeka, anatoa jasho, kiuno na magoti vinauma. Alitibiwa malaria mara tano katika miezi mitatu. Kila akitibiwa anapata nafuu siku chache, maana homa ya brusela yenyewe huja na kwenda, na kila mtu akasema dawa imefanya kazi. Alikonda mpaka majirani wakaanza kunong'ona mambo mengine. Mimi mwenyewe, mtu wa maabara, nilimnunulia dawa ya malaria mara mbili kati ya hizo tano! Mwishowe daktari mmoja kijana alimwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Mama, maziwa unakunywaje?" Akajibu kwamba anakunywa mtindi wake, uliogandishwa kwenye kibuyu kwa maziwa mabichi, tangu utoto. Akapimwa, ikawa brusela. Alimeza dawa aina mbili kwa wiki sita. Yupo hai, na mtindi bado anakunywa, ila siku hizi maziwa yanachemshwa kwanza, yanapoa, ndipo anaweka kigandishio. Anasema ladha imepungua kidogo. Tunavumilia.

Sasa msitoke hapa mkasema madaktari wa Moshi hawajui kazi. Hilo si kweli. Magonjwa haya mengi huwezi kuyathibitisha siku ile mgonjwa anapolazwa. Mwili ukiingiliwa na bakteria hutengeneza askari wake polepole. Ili kuwa na uhakika, unachukua damu leo, kisha unamwita mgonjwa arudi baada ya wiki nne hadi sita, unachukua tena, unalinganisha kama askari wameongezeka mara nne au zaidi. Yaani jibu linakuja mgonjwa ameshapona, au ameshazikwa. Daktari wa saa nane usiku hana jibu hilo. Alichonacho ni mgonjwa anayetetemeka, na mazoea.

Mazoea yenyewe yalikuwa na sababu. Zamani klorokwini ilikuwa rahisi kama peremende, na tulifundishwa kwamba homa yoyote ya mtoto itibiwe malaria usije ukachelewa. Mahali penye malaria nyingi ushauri huo uliokoa watoto wengi. Lakini vimelea vikazoea klorokwini, Tanzania Bara ikaiacha mwaka 2001, na tangu mwishoni mwa 2006 tunatumia dawa mseto, ambayo ni ghali zaidi na hatutaki nayo izoeleke. Halafu kikaja kipimo cha haraka, kile cha tone moja la damu na vistari. Kiko zahanati, na majibu ni dakika chache. Kinatafuta protini ya kimelea kwenye damu. Mngedhani tatizo limekwisha. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanyika huku kaskazini mashariki, zaidi ya nusu ya wagonjwa walioonekana hawana malaria kwa kipimo waliandikiwa dawa ya malaria vilevile! Na mara nyingi siyo daktari peke yake. Mgonjwa naye anasema, "Daktari, mimi mwili wangu naujua, hii ni malaria." Kuna mtu hapa hajawahi kumsikia baba yake akisema hivyo?

Mambo yamebadilika sana tangu hapo, nakiri. Ila sasa naona tumepata wimbo mpya. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, basi ni taifodi, au ni "yutiai", na unapewa vidonge vya rangi mbili. Taifodi ipo, sikatai. Lakini kile kipimo cha damu cha Widal kinachotumika sana hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta wale askari, na askari wanaweza kuwa wamebaki tangu zamani au wametoka vita nyingine. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu maabara, na hiyo inachukua siku kadhaa.

Kwa hiyo wewe kijana ufanye nini ukisikia baridi usiku? Kwanza, usikimbilie duka. Nenda zahanati upimwe, na uulize majibu. Ni damu yako, unayo haki ya kujua. Kama ni malaria, meza dawa mseto mpaka iishe hata kama umepona siku ya pili. Na malaria isidharauliwe eti kwa sababu tunakaa juu. Mtoto wa mlimani akishuka Kahe wiki mbili, au akienda kwa kaka yake Tanga au Geita, anaugua vibaya kuliko wenyeji, maana mwili wake haujazoea. Mwambie mganga ulikolala.

Kama siyo malaria, usinung'unike wala usiombe dawa yake. Mwambie mambo ambayo huenda asikuulize: kwamba nyumbani kuna ng'ombe na wewe ndiye unayezoa samadi, kwamba mbuzi alitupa mimba mwezi uliopita ukamsaidia, kwamba umetoka kupanda mpunga, kwamba umejitoa kupe kwenye paja, kwamba maziwa mnakunywa mabichi. Kadhaa kati ya magonjwa haya yanatibiwa kwa dawa za kawaida ambazo zahanati nyingi wanazo, bila gharama kubwa, mradi mganga ayafikirie. Na ukiona mgonjwa ana degedege, anapumua kwa shida, macho yamekuwa ya njano, anatapika kila kitu au haamki vizuri, hapo msisubiri asubuhi wala msibishane ni ugonjwa gani. Tafuteni gari.

Naona mwalimu ananionyesha saa. Nilitaka pia kuwaeleza kupe anavyosubiri kwenye majani, lakini basi, tuache kwa siku nyingine. Sasa maswali. Naanza na wewe, kaka, uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mtindi. Halafu yule dada pale dirishani, nadhani anataka kuniuliza habari ya damu mbichi kwenye kisusio, na nimejiandaa kugombana na wazee.